Sura ya 6: Ataimbaje Asiyesikia?

Kila nikitaja sanaa ya vijana viziwi, naulizwa swali lile lile. Asiyesikia ataimbaje? Ataichezaje ngoma asiyoisikia? Atatungaje shairi naye hajui neno linavyolia? Na nikisema nawazungumzia vijana wa Hulugho, muulizaji hutikisa kichwa, kana kwamba nimetwika mzigo juu ya mzigo.

Anayeuliza hana nia mbaya. Sanaa aliyolelewa nayo ilimwingia kwa sikio: bembelezi za mama, ngano za bibi, kaswida, redio. Kwa hiyo anaona kwamba sikio likifungwa, mlango wa sanaa umefungwa nalo. Sura hii inamjibu mtu huyo, pole pole, kwa mifano anayoweza kuishika mkononi. Jibu langu naliweka wazi tangu sasa: uziwi haumnyimi kijana sanaa. Kinachomnyima ni kukosa lugha mapema, na lugha hiyo sisi ndio tunaoweza kumpa au kumnyima.

Hulugho, nchi ya neno

Hulugho ni mji mdogo, na pia ni jina la kaunti ndogo iliyo kusini mashariki mwa Kaunti ya Garissa, nchini Kenya. Mashariki kuna mpaka wa Somalia, na kusini kuna msitu wa Boni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 133,984 katika kaunti ndogo hiyo, wengi wao Wasomali wanaoishi kwa mifugo.

Utajiri mkubwa wa Wasomali baada ya mifugo ni maneno. Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi hadi 1972, lakini mashairi yake yalikwisha kuvuka majangwa karne nyingi, kutoka kinywa hadi sikio na kutoka kisima hadi kisima. Wanaume wana gabay, shairi refu la mambo mazito. Wanawake wana buraanbur, shairi lao la arusi na la hekima, ambalo huimbwa na kusindikizwa kwa ngoma na makofi. Shairi lilipatanisha koo zilizopigana, likaposa, likamsifu ngamia na likamlilia marehemu.

Sasa mfikirie mtoto anayezaliwa kiziwi katika nchi hiyo. Jioni ng'ombe wameingia zizini, wazee wamekaa mkekani, mmoja anatoa shairi na wengine wanaitikia. Mtoto anaona midomo ikienda. Anaona watu wakicheka pamoja, kisha wakinyamaza pamoja. Hajui kilichowachekesha wala kilichowanyamazisha. Kisomali kina neno la kumwita: dhegoole, yaani asiye na masikio ya kusikia. Mara nyingi hilo huwa ndilo jina pekee ambalo jirani humjua nalo.

Ndiyo maana nimeichagua Hulugho. Tukiweza kuonyesha kwamba kijana kiziwi ana nafasi ya usanii katika jamii inayolienzi neno la kinywa kuliko kitu kingine, tumeonyesha kwamba ana nafasi hiyo popote.

Kusikia ni nini hasa?

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Tunasema: nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia harufu ya moshi, nasikia uchungu. Katika semi zote hizo sikio halina kazi. Wazee waliotuachia lugha hii walijua kwamba mtu husikia kwa ngozi, kwa tumbo, kwa pua na kwa moyo.

Lakini lugha hiyo hiyo ina upande mwingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema, na hapo kusikia ni kutii. Maana hizi mbili zikichanganywa, mtoto kiziwi huumia. Ameitwa kwa nyuma, hakugeuka, akapigwa kwa ukaidi. Ametumwa dukani, akaleta kitu kingine, akaitwa mjinga. Watoto wengi viziwi hupata adhabu ya utukutu miaka kadhaa kabla ya mtu mmoja nyumbani kugundua kwamba masikio yao hayapokei sauti.

Tuyaweke sawa maneno matatu kabla ya kuendelea.

- Uziwi ni hali ya kutosikia sauti za kawaida za mazungumzo. Una viwango: wapo wanaosikia kelele kubwa tu, na wapo wasiosikia kabisa.
- Kiziwi ndilo jina ambalo watu wenye hali hii wengi wamelikubali. Tanzania wana chama chao kinachoitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA.
- Bubu ni jina la kuachwa. Viziwi wengi wana sauti na wana lugha. Wasichokuwa nacho ni njia ya kuisikia sauti yao na kuirekebisha.

Uziwi una asili nyingi. Mtoto anaweza kuurithi kutoka kwa wazazi wanaosikia vizuri. Anaweza kuupata baada ya homa ya uti wa mgongo, baada ya surua, baada ya usaha wa masikio uliokaa bila tiba, au kutokana na sindano za baadhi ya dawa kali, kwa mfano streptomycin iliyotumika sana kutibu kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba takriban asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa. Nchini Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu watu 153,361 wenye umri wa miaka mitano na zaidi waliokuwa na ulemavu wa kusikia.

*Kwa ufupi: kiziwi amekosa njia moja ya kusikia. Zilizobaki ni nyingi, na sanaa inaweza kupita katika kila moja.*

Kabla ya rangi, lugha

Watu wengi wakitaka kumsaidia kijana kiziwi awe msanii, humnunulia rangi na karatasi. Ni jambo jema, lakini limeanzia katikati. Msanii ni mtu mwenye jambo la kusema. Mwenye jambo la kusema anahitaji lugha ya kuliwazia kabla hajatafuta rangi ya kulichorea.

Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Nyumbani hakuna anayejua lugha ya ishara, hivyo mtoto huibuni yake. Maziwa yanakuwa vidole vinavyokamua. Ngamia anakuwa mkono uliopinda kama shingo. Babu anakuwa kiganja kinachoshuka kidevuni, kwa sababu ya ndevu zake nyekundu za hina. Hizi huitwa ishara za nyumbani: ishara chache zinazoeleweka na familia moja tu. Mtoto wa miaka minne aliyezibuni amekwisha kufanya kazi ya msanii. Ametazama kitu, akachagua sifa moja inayokitambulisha, akaifanyia umbo.

Tatizo ni kwamba ishara za nyumbani hazitoshi. Zinaomba maji na maziwa. Haziwezi kueleza ndoto ya jana, wala kuuliza kwa nini mvua haikunyesha, wala kusimulia hadithi ya fisi na mbweha. Ili ziwe lugha kamili, mtoto huyo anahitaji kukutana na viziwi wenzake.

Dunia ilishuhudia jambo hilo nchini Nicaragua. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi walianza kukusanywa shuleni katika mji mkuu, Managua. Kila mmoja alikuja na ishara za kwao. Walimu walitaka kuwafundisha kusoma midomo. Uwanjani na ndani ya basi, watoto wenyewe walizichanganya ishara zao, na katika miaka michache wakawa na lugha mpya yenye sarufi yake, ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha.

Kenya ina hadithi inayofanana na hiyo. Shule za mwanzo za viziwi, Nyang'oma na Mumias, zilifunguliwa kuelekea mwisho wa utawala wa Waingereza. Wakati huo walimu wengi wa viziwi duniani walikuwa bado wanafuata uamuzi wa mkutano uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1880, ambao uliitukuza njia ya kuzungumza kwa kinywa na kuifukuza lugha ya ishara darasani. Mtoto alitakiwa atazame midomo na atoe sauti. Mwalimu akitoka, mikono ilianza kuzungumza. Lugha ya Ishara ya Kenya ilikulia mabwenini na viwanjani, mikononi mwa watoto.

Leo hadhi yake imeandikwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka serikali iikuze, na Ibara ya 120 inaifanya lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Katika mitihani ya kitaifa, mtahiniwa kiziwi hufanya somo la Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Uganda ilitangulia: Katiba yake ya 1995 iliitaja lugha ya ishara kuwa lugha ya kuendelezwa.

Kaskazini Mashariki ya Kenya, ambako Hulugho imo, ina fahari yake katika hadithi hii, na wachache wanaijua. Wasomali viziwi waliosoma katika shule ya viziwi ya Wajir waliibeba lugha ya ishara hadi ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1997 shule ya viziwi ilianzishwa Borama, kaskazini mwa nchi ya Wasomali, na mbegu iliyotoka Wajir ikawa Lugha ya Ishara ya Kisomali. Aliyehusika na shule hiyo ni Annalena Tonelli, mwanamke Mwitaliano aliyewatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir kwa miaka mingi, kisha akahamia Borama, ambako aliuawa Oktoba 2003. Lugha inayotumiwa leo na viziwi wa Kisomali ilipita kwanza katika vidole vya watoto wa eneo hili ambalo Wakenya wengi hulitaja tu linapopata ukame au shambulio.

*Kwa ufupi: mtoto kiziwi ana kipaji cha kubuni ishara, lakini lugha huipata kwa wenzake. Asipokutana nao mapema, kipaji hubaki bila ulimi.*

Shairi lenye vina vya mkono

Turudi kwenye swali gumu: atatungaje shairi?

Msomaji wa Kiswahili anajua vina na mizani. Vina ni sauti zinazofanana mwishoni mwa kipande au mshororo. Mizani ni hesabu ya silabi. Mshairi wa Kisomali hufanya kwa njia nyingine: vina vyake viko mwanzoni mwa neno. Akichagua sauti moja, tuseme "d", basi kila mshororo wa shairi lake, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, sharti ubebe neno linaloanza kwa sauti hiyo. Mswahili akilisikia shairi hilo anaweza kudhani halina vina. Vina vimo. Yeye ndiye anayevitafuta mahali pasipo pake.

Shairi la ishara linatutaka tuhamishe macho tena. Kila ishara ina sehemu tano:

1. Umbo la mkono: ngumi, kiganja wazi, kidole kimoja, viwili.
2. Mahali: kwenye paji, kifuani, hewani mbele ya mwili.
3. Mwendo: kushuka, kuzunguka, kutetemeka.
4. Uelekeo wa kiganja: juu, chini, kwa mtu mwenyewe au kwa mwenzake.
5. Uso: nyusi, macho, mashavu na kichwa.

Mshairi kiziwi anaweza kuchagua umbo moja la mkono na kulishikilia shairi zima. Kiganja kilicho wazi kinakuwa jua, kisha mti, kisha uso wa mama, kisha mlango unaofungwa. Hapo ana vina. Mwendo wa mikono ukienda kwa hesabu, pigo fupi mara mbili na refu mara moja, hapo ana mizani. Angalia jinsi alivyo karibu na gabay ya babu yake: babu hushikilia sauti moja shairi zima, na mjukuu hushikilia umbo moja la mkono. Kanuni ni ileile, na hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Katika tamasha za muziki na za drama za shule za Kenya, wanafunzi viziwi hushindana kwa mashairi ya ishara, kwa maigizo na kwa ngoma. Kundi la watoto ishirini linatoa mkono kwa pamoja, linaurudisha kwa pamoja, na uso wa kila mmoja unabadilika saa ileile. Mwisho wa onyesho, wanaojua adabu za viziwi hawapigi makofi. Huinua mikono juu na kuitikisa viganja wazi, ukumbi mzima ukawa kama mti uliopigwa na upepo.

Ngoma iliyo miguuni

Na ngoma je? Fanya jaribio hili. Siku ya arusi, chukua dumu tupu la lita 20, lishike kwa mikono miwili mbele ya spika. Utausikia muziki kwenye viganja. Sauti ni mtetemo, yaani mtikisiko wa hewa na wa vitu. Sikio ni mahali pamoja tu pa kuupokea. Mtetemo wa sauti nene hupokewa vizuri na nyayo, magoti na kifua.

Evelyn Glennie wa Uskochi alipoteza sehemu kubwa ya kusikia akiwa mtoto. Leo ni mmoja wa wapigaji ngoma mashuhuri duniani, na hupanda jukwaani bila viatu ili mtetemo upande kutoka sakafuni. Walimu wanaofundisha ngoma kwa watoto viziwi hutumia elimu hiyohiyo. Huchagua ngoma kubwa yenye sauti nene, huwaacha watoto waguse ngozi na mzinga, huwahesabia mapigo kwa vidole, na humweka kiongozi mahali ambapo wote wanamwona. Baada ya mazoezi mengi, hesabu huingia mwilini.

Kwa hiyo msichana kiziwi wa Hulugho anayekaa karibu na wanawake wanaocheza buraanbur si mgeni pale. Ngoma anaisikia kifuani. Migongo ya wachezaji anaiona. Kitu kimoja tu anakikosa: mtu wa kumgeuzia maneno ya shairi kuwa ishara, ili ajue bibi arusi amesifiwa kwa lipi.

Sanaa iliyo tayari nyumbani

Tumesema Wasomali ni watu wa neno. Ni kweli, lakini ni watu wa jicho na mkono pia, na upande huo hausifiwi vya kutosha. Hebu tuingie nyumbani tuhesabu.

- Aqal, nyumba ya kuhamishika. Mwanamke hupinda fito kuwa kuba, akazifunika kwa mikeka aliyoisuka mwenyewe. Akihama, nyumba hupakiwa juu ya ngamia.
- Haan, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mimea, zikabanwa hata zisivuje, kisha ndani kikafukizwa moshi ili maziwa yakae na yapate harufu nzuri.
- Koor, kengele ya mti anayovishwa ngamia, iliyochongwa kwa kisu na subira.
- Hina, maua na matawi yanayochorwa mikononi na miguuni mwa wanawake.
- Chapa ya mifugo, alama inayochomwa kwenye ngozi ya ngamia ili mtu wa mbali ajue ni wa ukoo gani. Haya ni maandishi yanayosomwa na macho kabla ya swali kuulizwa.
- Lohi, ubao wa chuo cha Kurani ambao juu yake mtoto huandika aya kwa kalamu ya mti na wino uliotokana na mkaa na gundi ya migunga.

Hakuna hata kimoja katika hivi sita kinachodai sikio kwa anayekitengeneza. Hata kengele: mchongaji kiziwi anaweza kuitikisa na kuupima mtetemo wake kwenye vidole. Na kwenye lohi, mtoto asiyeweza kukariri kwa sauti anaweza kuwa fundi wa khati, sanaa ya mwandiko mzuri inayoheshimiwa katika Uislamu wote. Mwalimu wa chuo atakayemwachia kalamu badala ya kumwacha mlangoni atakuwa amemfungulia elimu na kazi kwa pamoja.

Kazi hizi zina wema mwingine: hufundishwa kwa kutazama. Bibi anayesuka haan hamhutubii mjukuu. Humkalisha karibu, akamwonyesha mkono unavyokwenda, akamrudisha akikosea. Ufundi wa namna hiyo ulimfaa kijana kiziwi tangu kale.

Walichofanya vijana watatu wa Iringa

Kama unadhani haya ni matumaini matupu, twende Iringa, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Mwaka 2003 vijana watatu viziwi walianza kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, wakiongozwa na Susie Hart, mwanamke Mwingereza mwenye ufundi wa kazi za mikono. Kazi hiyo ilikuwa chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, na ikaitwa Neema Crafts.

Kwa nini kinyesi cha tembo? Tembo hula majani na magome mengi, lakini tumbo lake halisagi yote, kwa hiyo kinyesi kinabaki na nyuzi. Huchemshwa, huoshwa mpaka kikawa safi bila harufu, hupondwa, hutandazwa juu ya wavu na kuanikwa. Kinachotoka ni karatasi nene yenye nyuzi zinazoonekana, ambayo vijana waliifanya kadi, madaftari na picha.

Watatu walizaa wengi. Ziliongezeka karakana za kufuma, za shanga, za kuchapa vitambaa na za vyungu, na walioajiriwa wakapita 100, viziwi pamoja na wenye ulemavu mwingine. Ulifunguliwa pia mgahawa wenye wahudumu viziwi. Mteja huandika anachotaka kwenye karatasi, na akipenda hujifunza ishara ya chai na ya asante. Kwa dakika chache, anayesikia ndiye mgeni wa lugha.

Iringa inatufundisha mambo matatu. La kwanza, malighafi haikutoka mbali. Ilikuwa imelala njiani. La pili, vijana hawakupewa sadaka, walipewa ufundi na soko. La tatu, walikuwa watatu. Hawakungoja kuwa mia ndipo waanze. Hulugho ina ngozi, nyuzi, mkaa, gundi, udongo na bibi wanaojua kusuka. Kwa watatu wa kuanzia, hata kijiji kimoja hakitakosa.

Wakipata nafasi, wanasema nini?

Mwaka 1989 wasanii viziwi tisa walikutana katika Chuo Kikuu cha Gallaudet, jijini Washington, chuo kinachosomesha viziwi. Waliandika tamko fupi juu ya sanaa inayotokana na maisha ya uziwi. Walieleza kwamba katika kazi hizo mara nyingi utakuta rangi kali zinazopingana, na mkazo juu ya macho, mikono, midomo na masikio.

Mmoja wa viongozi wao alikuwa mchoraji Betty G. Miller. Mwaka 1972 alikuwa amechora mikono miwili iliyotiwa pingu, vidole vyake vimekatika. Ilikuwa picha ya shule zilizowakataza watoto kuzungumza kwa ishara. Mtu yeyote aliyepigwa vidole kwa kosa la kuongea lugha yake anaielewa picha hiyo bila maelezo, awe wa Marekani au wa Mumias.

Kijana wa Hulugho akipewa nafasi hatachora pingu za Marekani. Huenda akachora kisima kilichokauka wakati wa ukame mkubwa ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuua mifugo kwa misimu mitano mfululizo. Huenda akachora midomo mingi juu ya mkeka mmoja, na mtoto pembeni. Atakachochora ni chake. Wajibu wetu ni kukitazama hadi mwisho bila kumsemea.

Kwa nini basi hatuwaoni?

Wapo, lakini njia ya kuwafikia na ya kutokea kwao ina miiba.

*Umbali.* Shule za viziwi za eneo hili ni chache na ziko mijini, kama ile ya Wajir. Kumpeleka mtoto ni kumpeleka bweni, mbali na mama, tena kwa njia ambayo mvua huikata.

*Usalama.* Tangu operesheni ya kijeshi ya Linda Boni ilipoanza mwaka 2015, familia za pembezoni mwa msitu zimeishi kwa tahadhari. Mtoto asiyesikia amri ya "simama" yuko hatarini zaidi kuliko wenzake, na mzazi mwenye hofu humfungia ndani.

*Kuchelewa.* Mtoto akifika shuleni na miaka kumi bila lugha yoyote, amepoteza miaka ambayo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi kuliko miaka mingine yote.

*Huruma.* Huu ni mwiba usioonekana. Mtoto anahurumiwa, analishwa, anavishwa, lakini haombwi kazi wala maoni. Msichana huumia zaidi, maana hufichwa kwa kuwa kiziwi na kwa kuwa msichana.

La kufanya

Kwa mzazi, mwalimu, imamu, chifu na mwakilishi wa wadi, haya yanawezekana:

1. Mpime mtoto mapema. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka kwa kishindo apelekwe kituo cha afya. Usaha wa masikio utibiwe, chanjo ya surua isikosekane.
2. Mpeleke kwenye kituo cha EARC, yaani ofisi ya elimu inayotathmini watoto wenye mahitaji maalumu na kuwaelekeza shule. Mwandikishe pia kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.
3. Familia nzima ijifunze ishara. Mama peke yake hatoshi. Ndugu, mjomba na bibi nao wahesabiwe.
4. Wakutanisheni viziwi. Hata mara moja kwa mwezi, watoto na watu wazima, chini ya mti mmoja. Lugha na sanaa huzaliwa hapo.
5. Wakabidhini kwa mafundi: msusi wa haan, mchoraji wa hina, mchongaji, mwandishi wa khati.
6. Siku ya tarehe 23 Septemba, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Ishara, wapeni jukwaa mbele ya wazee, pawe na mkalimani, na kazi zao ziuzwe kwa bei ya haki.

*Muhtasari wa sura: asiyesikia huimba kwa mikono, hucheza kwa nyayo na hutunga kwa macho. Jamii ya Hulugho ina ufundi wa kumrithisha. Kinachotangulia yote ni lugha.*

Sasa nakugeukia wewe, msomaji mwenye mtoto kiziwi nyumbani au kwa jirani. Usingoje mradi wala mgeni kutoka Nairobi. Leo jioni, maziwa yakishakamuliwa, kaa mbele ya mtoto huyo, mahali penye mwanga, umwonyeshe kibuyu na umuulize kwa macho: hiki unakiitaje? Atakuonyesha ishara yake. Irudie kwa mkono wako mpaka akubali umeipata, kisha umuulize nyingine.